Mavyaa anasema shule aliyoacha mwanawe ni yetu sote

Mama mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Lakewood, jimbo la Washington, Marekani. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nina miaka 34, mjane, na nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka 7. Mume wangu alibahatika kupata grin kadi, akatangulia, akajiunga na jeshi la nchi kavu la huku, kisha akanivuta mimi. Miaka mitatu iliyopita alifariki wakiwa mazoezini. Haikuwa vitani, ilikuwa ajali ya gari la jeshi.

Tulimzika Tahoma, makaburi ya wanajeshi yaliyoko Kent, na jiwe lake lina alama ya hilali. Mavyaa hakuwahi kufika. Pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda, na maiti yetu haingojei. Aliangalia mazishi kwa simu, mtandao ukakatika pale mwanawe anapoteremshwa, na uliporudi tulikuwa tumeshafukia. Serikali ilitoa bendera mbili zilizokunjwa pembetatu. Moja ninayo mimi, ya pili nilimpelekea yeye Kisauni, Mombasa, ameiweka ndani ya kabati la vioo pamoja na vikombe vya harusi yake.

Eda nilikaa kambini, miezi minne na siku kumi, kwa sababu mjane huruhusiwa kubaki katika nyumba ya jeshi hadi mwaka mmoja. Baadaye nikahamia fleti ya vyumba viwili. Napokea malipo ya kila mwezi ya wajane, yale wanayoyaita DIC, na nafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa manesi, zamu ya usiku katika nyumba ya kulea wazee. Tuna wazee sita. Yuko bibi mmoja aliyepooza upande, namgeuza kila baada ya saa mbili. Mwezi uliopita, saa kumi alfajiri, niliona ngozi ya nyonga yake imekuwa nyekundu. Nilibonyeza kwa kidole, nikaachia, wekundu haukuondoka. Najua maana yake: kidonda kimeshaanza chini kwa chini. Lakini kazi yangu inaishia kuandika kwenye daftari na kumpigia nesi. Mama, mimi nataka kuwa yule nesi anayepigiwa.

Afisa tuliyepewa na jeshi baada ya msiba aliniambia kuna msaada wa masomo kwa wajane, unaitwa Fry. Siku zile nilikuwa siambiliki. Mwaka huu ndipo nikaifungua fomu, na nimekwama mahali pamoja: pale pa kuchagua kati ya Fry na msaada mwingine uitwao DEA. Pameandikwa kwamba ukishachagua hakuna kurudi nyuma. Ukurasa huo nimeufungua mara tisa. Kila mara naufunga.

Wifi yangu aliona kwenye simu kwamba Marekani inawalipia chuo jamaa za wanajeshi waliokufa, akamwambia mama. Mavyaa akanitumia ujumbe wa sauti, taratibu, bila hasira: "Mwanangu hakuacha shamba, hakuacha nyumba. Ameacha hiyo shule. Basi shule hiyo ni yetu sote." Anataka shemeji yangu mdogo aje kusoma huku kwa msaada huo. Shemeji ana miaka 20, alipata C+ kwenye KCSE na amepangiwa chuo kikuu cha huko Kenya, ila karo inambana. Na ni kweli, Mama, marehemu alimwahidi kumsomesha. Alisema mbele yangu, barazani, Idi ya mwisho aliyokuja nyumbani. Tangu afariki natuma dola 200 kila mwezi, za karo na za jikoni. Nikienda chuo nitapunguza zamu, na sijui hizo 200 zitatoka wapi.

Halafu kuna mwanangu. Wake wa wanajeshi ninaokutana nao husema miezi ya masomo ni 36 na familia inagawana: mama akisoma miezi 20, mtoto anabakiwa na 16. Mimi siwezi kula haki ya yatima. Wengine wananiambia msaada ni wa waliouawa vitani tu, nisije nikaanza nikafukuzwa katikati.

Na liko jingine ambalo naona haya kulisema. Kila nikijifikiria nimekaa darasani naona kama nitakuwa nanufaika kwa kifo chake. Yeye mwenyewe alikuwa amepanga kusomea ufundi wa ndege mkataba wake ukimalizika. Zile picha za ndege alizochapisha bado ziko kwenye droo.

La mwisho sijamwambia mtu. Mavyaa hajui nilipata kiasi gani. Serikali ilinipa dola 100,000, na bima yake ikalipwa kwa jina langu peke yangu. Nilimwezekea nyumba upya, nikamjengea choo cha ndani, nikamtolea marehemu sadaka, kisha nikanyamaza. Zilizobaki nimemwekea mtoto. Kila tukizungumza naogopa atauliza, naye hajauliza hata siku moja.

Nisome mimi, nimsomeshe shemeji, au nimwachie mwanangu?

Mjane, Lakewood

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Mola amrehemu mumeo na akupe subira wewe, mwanao na bibi yake. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili taratibu zaidi, kwa sababu ya yule bibi mwenye nyonga nyekundu. Mtu anayebonyeza kwa kidole akaachia ili aangalie rangi tayari anaifikiri kazi ya unesi. Hilo nataka ulijue kabla hatujafika kwenye fedha.

Nikikuelewa vizuri, unaona fungu moja na watu watatu wamelizunguka. Ukilichukua wewe, umemnyang'anya yatima wako na umeivunja ahadi ya marehemu. Ukimpa shemeji, umejinyima na umemnyima mtoto. Ukimwekea mtoto, utamgeuza yule bibi usiku hadi uzeeni mwako wewe. Mzigo huo ungemlemea yeyote, na sishangai ukurasa ule umeufunga mara tisa. Ila ngoja kwanza tutazame kama fungu lenyewe kweli ni moja, maana baadhi ya uliyoambiwa yamechanganywa.

Tuanze na mtoto, kwa kuwa ndiye anayekukosesha usingizi. Huo msaada wa Fry haugawanywi. Mjane ana miezi yake 36, na kila mtoto wa marehemu ana miezi yake 36. Mwanao akimaliza sekondari au akifika miaka 18 ataomba kwa jina lake, na kwa kifo kilichotokea wakati wa mumeo, hakuna tarehe ya mwisho inayomfukuza. Hao wenzio hawakukudanganya, wao wanazungumzia kitu kingine: mwanajeshi aliye hai anaweza kumhamishia mke na watoto miezi yake mwenyewe ya masomo, na hiyo ndiyo inayogawanywa, akitumia mmoja inapungua kwa mwingine. Ya kwao ni sahani moja ya watu wengi. Ninyi wawili kila mmoja ana sahani yake. Haki ya yatima wako ipo palepale, uingie darasani usiingie.

La vitani nalo lina historia. Msaada huu umepewa jina la John David Fry, sajini wa wanamaji aliyefariki Iraq mwaka 2006. Bunge la Marekani liliupitisha mwaka 2009 kwa ajili ya watoto tu, na wajane wakaongezwa kwa sheria ya mwaka 2014. Kinachoangaliwa ni kama mtu alikuwa katika utumishi kamili na akafa akiwa kazini, kuanzia tarehe 11 Septemba 2001 na kuendelea. Sheria haikusema lazima risasi. Ajali ya mazoezini imo. Na hayo malipo ya DIC unayopokea, ambayo mwaka 2025 kima chake cha mjane kilikuwa dola 1,653 kwa mwezi, huja baada ya serikali kuridhika kuhusu namna alivyofariki. Unaweza kuyapokea huku unasoma kwa Fry. Jambo moja tu ulijue kwa kuwa ndilo tegemeo lako: mjane akiolewa tena kabla ya miaka 55, DIC inakatika. Silisemi kwa sababu nadhani una mtu. Nalisema kwa sababu ungali kijana, na bajeti ya miaka minne inataka kuona mbali.

Sasa twende Kisauni.

Shemeji yako hawezi kusomeshwa na Fry. Hapa wewe huna la kuamua. Sheria inamjua mke na watoto, haimjui ndugu, na karo yenyewe haipiti mkononi mwako, inakwenda moja kwa moja chuoni. Hata ungetaka kumpa leo, huna cha kumpa. Nadhani mavyaa anaiona kama mirathi, na ukimsikiliza vizuri utaona hakosei kufikiri hivyo, kwa sababu ndivyo tulivyozoea: mtu akifa, alichoacha kinakusanywa na kila mwenye fungu anapewa. Lakini tarika ni mali aliyokuwa nayo marehemu. Fry hakuwa nayo. Imeandikiwa walio hai baada yake.

Bima na zile dola 100,000 ni mlango mwingine, na hapo sitakuamulia. Kwa sheria ya Marekani bima ni ya aliyeandikwa jina. Kwa mafunzo ya dini yetu, mama wa marehemu mwenye mtoto ana sudusi, yaani moja ya sita, mke ana thumni, yaani moja ya nane, na mtoto wa kiume akiwepo ndugu wa marehemu hawarithi. Lakini kama bima na fedha kama hizo zinahesabiwa tarika au la, masheikh wamezungumza mengi na hawakukubaliana. Umewahi kumuuliza mwenye elimu unayemwamini? Sikuulizi ili nikutie hatiani. Nauliza kwa sababu barua yako inanionyesha mtu aliyeezeka nyumba na kujenga choo, na bado anazungumza kama mwizi. Yawezekana ukiuliza ukaambiwa umeshatoa zaidi ya ulichodaiwa. Yawezekana ukaambiwa kuna kilichobaki. Vyovyote vile utakuwa na kitu cha kushika, maana sasa hivi umeshika hofu tupu.

Sasa nikuulize kuhusu ahadi. Marehemu alimwahidi mdogo wake barazani, na wewe ni shahidi. Je, aliahidi kwa kipato gani? Alikuwa akiuona mshahara wake wa jeshi, mwili wake mzima, miaka mingi mbele yake. Hilo halifuti neno lake, na naona unataka kuliheshimu kwa sababu ulimpenda. Lakini kuheshimu ahadi ya maiti kuna namna nyingi. Moja ni kulipa karo yote. Nyingine ni kumlipia sehemu inayojulikana, kwa muda unaojulikana, huku kijana naye akiomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi ya Kenya, kama wanafunzi wenzake. Hizo dola 200 zako sasa zinaingia chungu kimoja na unga na umeme, na sijui kama shemeji mwenyewe anajua ngapi ni zake. Ukizitenga, hata zikipungua, atajua anasimama wapi. Hatari yake ni kwamba nyumbani wataona umepunguza mkono. Hatari ya kuendelea kama ulivyo ni kwamba utapunguza ghafla siku ukizidiwa, na ghafla huumiza kuliko kidogo.

Liko na jambo ambalo huenda hujaambiwa. Wazazi wa mwanajeshi aliyefia kazini, wakiwa na kipato cha chini, wana malipo yao wenyewe, tofauti na ya mjane. Yanapimwa kwa kipato cha mzazi. Huenda yakawa madogo, na maombi yanataka vyeti na subira. Lakini fikiria mavyaa akipokea kitu kwa jina lake, kinachotoka kwa mwanawe, kisichopita mkononi mwa mkamwana. Nakuomba uliulize hili hata kama mengine yote utayaweka kando.

Maana mimi ule ujumbe wake wa sauti siusikii kama wewe. "Hakuacha shamba, hakuacha nyumba." Huyu ni mama ambaye mwanawe alizikwa ndani ya simu, na simu ikakatika. Alichonacho ni kitambaa kilichokunjwa, cha nchi asiyoijua, ndani ya kabati la vikombe. Wifi yako alipomwambia kuna shule, pengine alisikia kwamba liko bado jambo la mwanawe linaloishi duniani. Huenda nakosea. Huenda kweli anafuata fedha tu, au wifi ndiye anayemsukuma. Wewe unamjua, mimi simjui. Lakini hata mara moja hajakuuliza ulipata kiasi gani, na wewe umelichukulia hilo kama mtego. Halikupitikii kwamba labda ni staha?

Kumwambia kuna gharama, sifichi. Ukitaja dola 100,000 Kisauni, tarakimu hiyo haitabaki chumbani kwa mavyaa. Itafika kwa wifi, kwa majirani, na kwa ndugu uliowasahau. Wapo wajane wanaosema kiasi chote, wapo wanaosema kilipokwenda bila kutaja kilichoingia, wapo wanaomweka mzee mmoja wa kuheshimiwa katikati ili aeleze kwa niaba yao. Kunyamaza nako kuna gharama, na hiyo unailipa tayari kila mkizungumza.

Turudi kwenye ule ukurasa uliofungua mara tisa. Hapa nitakaa kidogo, maana kweli hakuna kurudi nyuma na ni haki yako kuogopa.

Fry inalipa karo yote ya chuo cha umma kwa kima cha wakaazi wa jimbo, inakupa posho ya nyumba kila mwezi unaosoma, na hadi dola 1,000 za vitabu kwa mwaka. DEA haimlipi mwenye chuo. Inakupa wewe fedha, dola 1,500 na ushei kwa mwezi kwa anayesoma kutwa, nawe unalipa karo mwenyewe. Kwa wengi Fry ndiyo nzito. Lakini jimbo lako la Washington lina sheria yake inayovitaka vyuo vya umma viwasamehe karo wajane na watoto wa waliofia kazini, kwa masharti ya ukaazi na muda. Ikiwa unaingia humo, hesabu inabadilika sura, kwa sababu karo isiyodaiwa haihitaji mlipaji, na unabaki kulinganisha posho na posho. Kwa hiyo kabla hujaweka alama kwenye kisanduku chochote, nenda chuo unachokitaka, muulize afisa anayeshughulikia wanafunzi wa mafao ya wanajeshi akuandikie hesabu mbili kwenye karatasi moja. Kila chuo kinachopokea wanafunzi hao kinaye. Uondoke na karatasi, usiondoke na maneno.

Posho ya nyumba ina vichochoro vyake, na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Inapimwa kwa posho ya sajini mwenye familia katika eneo la chuo, na kwa upande wa kambi yenu si haba. Lakini lazima usome zaidi ya nusu ya mzigo wa kutwa. Ukisoma mtandaoni pekee unapewa nusu ya wastani wa nchi nzima, wakati somo moja tu la kukaa darasani linakupandisha hadi kima cha eneo lako. Mama wa mtoto mdogo anayefanya kazi usiku hukimbilia mtandaoni bila kujua anachokiacha mezani. Halafu hailipwi katikati ya mihula. Desemba inakuja, kodi ya fleti inadaiwa, posho imepungua au haipo, na hizo dola 200 za Kisauni zinasubiriwa. Ukiwa na akiba ya miezi miwili iliyotengwa kwa ajili hiyo utapita. Bila akiba, ndipo watu wanaporudi kwenye zamu nne za usiku na kuacha somo katikati. Na kuacha somo katikati bila sababu inayokubalika kunaweza kukuletea deni la karo na posho iliyokwisha kulipwa.

Kwa hiyo kuna kuanza kwa kishindo, kazi ukaiacha kabisa, ukakaa kwa DIC na posho. Unamaliza upesi, unalala usiku kama watu, mwanao anakukuta asubuhi. Lakini ukiugua au mtoto akiugua huna pa kushika, na huo ndio wakati ambao nyumbani watahisi umekauka. Kuna kuanza polepole, masomo ya awali kwanza, anatomia, mikrobiolojia, kemia, ukabaki na zamu mbili. Ni kurefu, na nafasi za unesi zinagombaniwa, huenda ukazikosa mwaka wa kwanza. Faida yake ni kwamba muda unaosubiri bila kusoma hauli miezi yako. Miezi 36 ya masomo kwa miaka ya shule ya miezi 9 ni kama miaka minne: mmoja wa masomo ya awali, miwili ya unesi wenyewe hadi mtihani wa leseni, na mmoja ukibaki kwa ajili ya shahada. Na kuna kungoja kabisa hadi moyo utulie. Huo nao ni uamuzi. Mjane wa kifo cha miaka hii hawekewi saa na Fry, hivyo asikukimbize mtu. Ninachokuomba tu ni ujiulize unangoja nini. Ukiwa unangoja ruhusa ya mavyaa, basi iombe. Ukiwa unangoja majonzi yaishe, miaka mitatu imekuonyesha mwendo wake.

Fomu hizi hazilipiwi, na msaada wa kuzijaza haulipiwi. Shirika la TAPS, lililoanzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya wafiwa wa wanajeshi, lina watu wanaojua masomo ya wajane ndani nje, na kambini kwenu kuna ofisi ya jeshi ya kuwahudumia wafiwa. Atakayekudai asilimia mkimbie.

Nimeliacha nyuma lile unaloliona haya. Unasema utakuwa unanufaika kwa kifo chake. Sitakwambia usihisi hivyo, hisia haiamrishwi. Nakuuliza tu: hizo hela unazopokea za DIC, unazinunulia mtoto viatu, je hapo unahisi vivyo hivyo? Kama hapana, tofauti iko wapi? Ninavyokusoma, viatu ni vya mtoto, na darasa ni la kwako. Pengine kinachokuuma ni kupata kitu kizuri chako mwenyewe wakati yeye ndege zake zimebaki droo. Sijui kama kusoma kutaliondoa hilo, na sijui kama kutosoma kutaliondoa. Mumeo alilijua jeshi alilojiunga nalo, na alijua linawaahidi nini watakaobaki. Yeye hayupo kutuambia alitaka nini, lakini wewe uliishi naye. Kaa na hilo swali siku ambayo hukutoka zamu.

Na kama utataka kuzungumza na mavyaa, usianze na chuo. Nimepiga hesabu ya saa: ukitoka kazini saa moja asubuhi majira ya kiangazi, Kisauni ni saa kumi na moja jioni, alasiri imeshaswaliwa na magharibi bado. Siku moja, kabla ya kwenda kulala, endesha hadi Tahoma. Mpigie kwa video ukiwa pale, umwonyeshe jiwe, umwonyeshe ile hilali, umwachie asome dua yake hadi amalize. Mtandao ukikatika, mpigie tena. Akikwambia lolote, niandikie.